Fimbo Kati ya Vidole Viwili

Fimbo yenyewe ni nyembamba, unene wa penseli, urefu wa mkono mmoja. Vijana wawili wanasimama wakitazamana, kila mmoja anaupokea upande wake kwa ncha ya kidole cha shahada, kisha wanaanza kutembea. Hakuna kushika, hakuna kuongea. Fimbo inakaa hewani kwa sababu kila upande unasukuma kidogo. Ukizidisha, mwenzako anaumia kidole. Ukijirudisha, inaanguka.

Nimeitumia fimbo hii kwa miaka mingi nikiwafundisha vijana wa miaka 12 hadi 18 kutatua ugomvi kwa njia ya ngoma. Siku moja niliwapa wavulana wawili waliokuwa hawasemeshani tangu wapigane wiki mbili nyuma. Katika dakika tano za kwanza ilianguka mara kumi hivi. Kuanguka hakukunishangaza, maana humponyoka kila mtu. Kilichonishika ni kilichofuata: nani aiokote? Kila ilipogonga sakafu walisimama wima wakiitazama, kila mmoja akingoja mwenzake ainame. Mara ya kwanza walisimama hivyo hadi ukumbi mzima ukanyamaza kuwaangalia. Kuinama mbele ya mtu uliyepigana naye si jambo dogo ukiwa na miaka 15. Shingo yako iko wazi, macho yako yako chini, na yeye yuko juu yako.

Sikuwasaidia. Hatimaye mmoja aliinama, akaiokota, akaunyoosha upande mmoja kwa mwenzake bila kumtazama. Ilipoanguka tena, aliinama yule wa pili. Hakuna aliyewaambia wapokezane zamu. Walipofika mwisho wa kipindi walikuwa wamevuka ukumbi mara mbili na fimbo iko juu.

Tangu siku hiyo nimeshikilia msimamo ambao baadhi ya wenzangu wanauona umepita kiasi: kumfundisha kijana kutatua ugomvi kwa maneno peke yake ni kuchelewa.

Kila kijana anajua kwamba hasira hasara. Ameambiwa tangu hajaota meno. Keti naye akiwa ametulia, atakutajia hatua zote: vuta pumzi, msikilize mwenzako, eleza unavyojisikia, tafuteni njia. Ukimpa mtihani wa karatasi atapata alama zote. Kisha mtu anampiga kikumbo mlangoni mbele ya wenzake, na yote aliyoyajua yanayeyuka. Si kwamba ni mnafiki au hakusikiliza. Kabla neno halijatoka, mwili umeshasema. Mabega yamepanda, taya limekaza, kidevu kimeinuka, mguu mmoja umerudi nyuma kutafuta pa kuegemea, pumzi imekwama kifuani. Adrenalini imeshamwagika kwenye damu na moyo unakwenda mbio. Mwenzake anazisoma dalili hizo kwa kufumba na kufumbua, na mwili wake unajibu vivyo hivyo. Hapo wameshagombana, na hakuna aliyefungua kinywa.

Ngoma inaanzia palepale ugomvi unapoanzia. Mtu anayecheza na mwenzake analazimika kuona bega lake linaelekea wapi, uzito wake uko mguu gani, anataka kuja au anataka kupisha. Anajifunza kusimama ghafla bila kuanguka. Anajifunza kurudi nyuma hatua moja bila kujiona ameshindwa, kwa sababu katika ngoma kurudi nyuma ni hatua kama hatua nyingine, na yenye mdundo wake. Kijana ambaye mwili wake haujui njia ya kurudi nyuma kwa heshima, utamwambiaje arudi nyuma akiwa amekasirika?

Lakini si ngoma yoyote, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema "wacheze tu pamoja, watapendana". Ni kweli kwamba kwenda kwa mdundo mmoja huwaunganisha watu. Mwaka 2009 watafiti Scott Wiltermuth na Chip Heath walionyesha kwamba watu waliotembea kwa hatua moja walishirikiana zaidi katika mchezo uliofuata kuliko waliotembea kila mtu kivyake. Mwaka uliofuata Sebastian Kirschner na Michael Tomasello waliona jambo linalofanana na hilo kwa watoto wa miaka minne: waliocheza na kuimba pamoja walisaidiana zaidi baadaye. Matokeo hayo hupendwa sana kwenye warsha. Linalosahaulika ni kwamba Wiltermuth huyohuyo aliendelea kuchimba, na mwaka 2012 akaonyesha upande wa pili: watu walikuwa wepesi zaidi kumtii mtu waliyetembea naye kwa hatua moja alipowaomba watie wadudu wadogo walio hai kwenye chombo walichoamini kinawasaga wadudu hao.

Jeshi linalijua hilo tangu zamani. Mwanahistoria William McNeill aliandikishwa katika jeshi la Marekani mwaka 1941, na miaka mingi baadaye aliandika jinsi gwaride la saa nyingi, ambalo halikuwa na faida yoyote vitani, lilivyomjaza raha ya ajabu ya kujiona sehemu ya kitu kikubwa kuliko yeye. Mdundo mmoja hujenga "sisi". Hauulizi hata kidogo hao "wao" ni akina nani. Ukiwafundisha vijana wa kundi moja kucheza kama mtu mmoja, umewapa umoja, na umoja huo wanaweza kuupeleka popote, hata kwenye kuwapiga wa kundi lingine.

Kwa hiyo mimi hutafuta ngoma zenye kutofautiana ndani yake. Ngoma za kuitana na kuitikiana. Ngoma za kuongoza na kufuata, ambapo katikati ya wimbo zamu inabadilika na aliyekuwa anaongoza lazima aachie. Zile za kupeana uzito, kama uchezaji alioubuni Mmarekani Steve Paxton mwaka 1972, ambapo wawili huegemeana na kila mmoja hubaki akiwajibika kwa mizani yake. Au capoeira ya Brazili, iliyozaliwa kwa Waafrika waliokuwa utumwani na kupigwa marufuku katika sheria ya jinai ya mwaka 1890. Ndani ya mduara wake teke linakuja kweli, kwa kasi kweli, na mwenzako analikwepa kwa kuinama na kujibu kwa swali lake. Ni ugomvi uliopewa adabu.

Mfano ninaourudia zaidi mbele ya vijana ni wa Bronx, New York. Mwanzoni mwa Desemba 1971 kijana mmoja, Cornell Benjamin, aliyejulikana kama Black Benjie, aliuawa akijaribu kuzuia makundi ya vijana wa mitaani yasipigane. Alikuwa na miaka 25, na kazi yake katika kundi la Ghetto Brothers ilikuwa hiyohiyo ya kutafuta amani. Kila mtu alitarajia kisasi. Viongozi wa kundi lake wakakataa, na tarehe 8 Desemba makundi ya Bronx yakakutana kwenye ukumbi ulioko Hoe Avenue kuzungumza. Amani iliyotoka pale haikuwa kamili, wala haikumaliza umaskini wala bunduki. Ila ilifungua njia: vijana wakaanza kuvuka mitaa ambayo jana yake wasingethubutu kuikanyaga, wakaenda kwenye sherehe za wenzao. Mwaka 1973, tarehe 11 Agosti, DJ Kool Herc akapiga muziki kwenye sherehe ambayo wengi wanaihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip hop, na katika sherehe za namna hiyo brekidansi ikakua.

Tazama pambano la brekidansi uone lilivyojengwa. Mnaingia mduarani, unamtazama mpinzani machoni, unamtambia, unamwonyesha kwamba alichofanya wewe unakiweza mara mbili. Kisha unatoka, unasimama kando, na unamwacha ajibu. Huruhusiwi kumgusa. Hasira ipo, heshima inapiganiwa, lakini lazima umpe mwenzako nafasi nzima na umtazame hadi amalize. Watu wazima wangapi wanaweza kumwacha mpinzani wao amalize? Mwaka 2024 ngoma hiyo ilifika kwenye Olimpiki ya Paris, nami niliwaonyesha vijana wangu video za pale nikiwaomba waangalie kitu kimoja tu: anafanya nini yule ambaye si zamu yake.

Na bado unaweza kuiharibu. Niliwahi kuandaa mashindano kati ya makundi mawili ya vijana yaliyokuwa na uhasama, nikaweka alama na mshindi, na kelele za watazamaji zikawa ndizo mwamuzi. Lilikuwa kosa langu, na ninalijutia. Nilichukua ugomvi uliokuwepo nikauongezea ubao wa matokeo. Jioni ile makundi yale yalisukumana nje ya ukumbi, na msichana mmoja ambaye hakuwa wa upande wowote alichanika mkono. Siku hizi nikiandaa pambano, ninachanganya timu, na sitangazi mshindi.

Jambo jingine ni kugusana. Mwalimu wa dansi Pierre Dulaine, aliyezaliwa Jaffa, mji ulioko Israeli ya leo, mwaka 1944 na kuanzisha Dancing Classrooms, mpango wa kufundisha dansi shuleni, pamoja na Yvonne Marceau huko New York mwaka 1994, alirudi Jaffa kuwafundisha watoto wa Kiyahudi na wa Kipalestina kucheza dansi wakiwa wameshikana mikono. Ninamheshimu sana kwa ujasiri huo. Baadhi ya watoto waligoma, wengine kwa sababu za dini, na wale ndio ninaowafikiria kila ninapopanga kipindi. Kijana hafundishwi amani kwa kulazimishwa mkono wake ushikwe. Wapo walioguswa vibaya nyumbani au kwingineko na hawajamwambia mtu. Ndiyo sababu mojawapo ya kuipenda ile fimbo: inawaunganisha wawili na kuwaachia nafasi ya urefu wa mkono. Kitambaa kinafaa pia. Na asiyetaka kabisa anapiga mdundo, ambayo nayo ni kazi.

Na tafadhali, wenzangu walimu na viongozi wa vijana, ngoma isitumiwe kumnyamazisha aliyeonewa. Mtoto akiwa anapigwa kila siku na mkubwa wake, huo si mgogoro wa pande mbili. Usiwape ile fimbo ya mazoezi. Simamisha uonevu kwanza, kwa taratibu zote zilizopo. Mazoezi haya ni ya vijana wenye nguvu zinazokaribiana, walioshindwa kuelewana.

Wakati ninaoufikiria zaidi ni ule baada ya muziki kuzimwa. Kati ya dakika 40, mimi huweka 15 za kukaa chini kwenye mduara, jasho bado linatiririka, kwa sababu bila mazungumzo hayo tumefanya mazoezi ya viungo tu. Siulizi "mmejifunza nini", maana swali hilo huleta majibu ya kumfurahisha mwalimu. Nauliza: ulijuaje kwamba fimbo iko karibu kuanguka?

Siku ile ya wavulana wawili majibu yalikuja taratibu. "Kidole kilikuwa chepesi." "Nilimwona macho yamekwenda kwingine." "Nilikuwa nimeacha kupumua." Kisha nikauliza swali la pili: siku mlipogombana na mtu mara ya mwisho, mwili wako ulikuambia nini kabla hujasema neno?

Kimya kilikuwa kirefu. Yule aliyetangulia kuokota fimbo alikuwa ameinamisha kichwa. Halafu, bila kusema chochote, akainua mkono akajigusa taya. Mwenzake, aliyekaa ng'ambo ya mduara, alimtazama, kisha akaweka kiganja chake kifuani.