Tusimdharau shahidi kwa sababu tuna video

Tangu intaneti irudi mapema Novemba 2025, baada ya kuzimwa kwenye vurugu za uchaguzi wa Oktoba 29, hapa Arusha unaisikia hoja moja kila watu wanapokaa: video zipo, uchunguzi wa nini tena? Rais aliunda tume ya kuchunguza vurugu hizo chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na wengi wakauliza itahoji watu ili iweje ilhali simu zimejaa ushahidi. Wapo pia wasioiamini tume yenyewe, lakini huo ni mjadala mwingine. Ninalopima hapa ni nguvu ya video mbele ya nguvu ya mtu anayesimulia.

Wanaosimama na video wana hoja nzito. Shahidi husahau, hutishwa, hununuliwa. Juni 2021, hapahapa Arusha, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda iliwatia hatiani watu waliowashawishi mashahidi wakane ushahidi wao, akiwamo waziri wa zamani Augustin Ngirabatware. Faili la video halipokei bahasha. Tena mwaka 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata kamanda wa Libya, Mahmoud al-Werfalli, kwa kutegemea kwa kiasi kikubwa video zilizozagaa mitandaoni. Hilo si jambo dogo.

Ila kamera huona kilicho mbele yake tu, na maovu mengi hutendwa pasipo na kamera.

Tuangalie kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba nchini Rwanda, ambayo mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda ilianza kuisikiliza Januari 1997 kwenye AICC, jengo la mikutano la hapa Arusha. Hati ya mashtaka ilitaja mauaji na mateso. Ubakaji haukuwemo kabisa. Wapelelezi walikuwa wamekwenda Rwanda, wamehoji watu, wameandika, wamerudi. Kisha mama mmoja, aliyejulikana mahakamani kwa herufi J tu, akiwa anaeleza mambo mengine, akataja kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na wanaume watatu waliokuja kumuua baba yake. Majaji, akiwamo Navi Pillay, mwanamke pekee kwenye jopo lile, wakamuuliza zaidi. Baada yake mashahidi wengine nao wakaeleza yao. Juni 1997 hati ikabadilishwa, na Septemba 2, 1998 Akayesu akatiwa hatiani. Ikawa mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari.

Hakukuwa na picha ya hayo. Kulikuwa na mama aliyeketi mbele ya majaji na mtu aliyejua kumuuliza. Kinachonisumbua zaidi ni wale wapelelezi wa mwanzo. Kama J asingeitwa kwa mambo mengine, au majaji wangempita haraka, shtaka lile huenda lisingezaliwa. Mahakama ile ilisikiliza mashahidi zaidi ya 3,000 kwa washtakiwa 93, na watu wakailaumu kwa uzito wake. Sawa, ilikuwa nzito. Lakini shauri kubwa kuliko yote liliokolewa na uzito huohuo.

Video nayo ina mipaka yake. Ikipita WhatsApp hubanwa, na taarifa za siku, saa na mahali ilipochukuliwa hupotea. Haionyeshi nani alitoa amri. Wakati mwingine haijibu hata swali linaloamua kesi. Katika shauri la vijiji vya Loliondo, ambako wakazi walidai kufukuzwa na maboma yao kuchomwa, mwaka 2022 Mahakama ya Afrika Mashariki iliyakataa madai ya wanakijiji kwa sababu hawakuthibitisha kwamba walifukuzwa ndani ya ardhi ya vijiji na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Mwaka uliofuata kitengo cha rufaa kikaitengua hukumu hiyo. Moshi wa boma linaloungua hauonyeshi mpaka.

Halafu kuna majeruhi aliyekaa ndani na jeraha lake. Kwa desturi yetu, aliyejeruhiwa huulizwa PF3, fomu ya majeruhi inayotolewa polisi. Anayewaogopa polisi haendi kuichukua, hivyo hana fomu, hana cheti cha hospitali, na hakuna aliyemrekodi. Amebaki na maneno yake na kovu.

Mtu huyo hatajitokeza kwa tangazo la redioni peke yake. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi tunayo tangu 2015. Aelezwe kabla hajafungua mdomo jina lake litafichwaje, ahojiwe faragha, na kama ni mwanamke awepo mwanamke wa kumuuliza yale ambayo wapelelezi wa Taba hawakuyauliza. Mwenye video naye asilifute faili la awali kwenye simu, na aandike alisimama wapi, saa ngapi, na nani mwingine aliona.