Karura Tuhesabu Pia Wanaokula Majani

Kila msimu wa mvua tunasikia idadi ya miche iliyopandwa katika Msitu wa Karura, hapa Nairobi. Takwimu hizo nazipenda. Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale Januari 1999 wakitetea ardhi hiyo isigawiwe, kwa hiyo kila mche una uzito wake. Lakini kwa maoni yangu, swali la kama msitu asilia umerudi tuwaulize wadudu wadogo wanaokula majani.

Chukua mkaratusi. Asili yake ni Australia, na wadudu wetu wengi hawauwezi. Anayeusumbua sana, nyigu mdogo aitwaye Leptocybe invasa, naye katoka hukohuko. Alionekana Kenya mwaka 2002, akijaza majani machanga vivimbe. Ndiyo maana nafurahi mikaratusi ya Karura ikipisha miti ya kiasili. Ila mti wa kiasili ambao hakuna mdudu anayeugusa, miaka baada ya kupandwa, mimi unanitia wasiwasi. Ndege wanaolisha makinda yao viwavi watapata nini hapo?

Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Tandaza shuka jeupe chini ya tawi, ligonge kwa fimbo, kisha tazama upesi kabla wanaoruka hawajaruka. Ujue mti kwanza, maana wengi wao hula aina moja ya mti au jamaa zake tu. Halafu geuza majani. Utakuta njia nyeupe iliyopinda: imeanza nyembamba kama uzi, ikapanuka kadiri kiwavi alivyokua akila ndani ya jani, na katikati yake mstari mweusi wa kinyesi. Mpangilio wa kinyesi hicho humsaidia mtaalamu kumtambua mdudu aliyekwisha kuondoka. Mimi huweza kulishika jani la namna hiyo muda mrefu sana.

Wapo watakaosema hawa ni waharibifu, wapuliziwe dawa. Baadhi yao kweli hudhuru mazao. Trioza erytreae, mwenye asili ya Afrika, huacha vishimo chini ya majani ya michungwa na milimau na kueneza ugonjwa unaoifanya idhoofike na kuzaa matunda mabovu. Mdudu huyohuyo huishi pia kwenye jamaa za mwituni za miti hiyo. Mwenye mlimau uani ana kila sababu ya kutaka ajulikane yuko wapi, na dawa ndani ya msitu itaua pia nyigu wadogo wanaomdhibiti.

Ombi langu ni hili: vikundi vya wanafunzi wanaokuja kupanda miti vipewe pia miti ya kukagua. Mikinduri, miti ya kiasili, ya zamani upande mmoja, iliyopandwa juzi upande wa pili, mwezi uleule kila mwaka. Picha ya jani juu na chini, jina la mti, tarehe, mahali. Makumbusho ya Taifa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Kasarani, wana wataalamu wa wadudu. Tuwapelekee picha hizo.