Mlango Mpana Kuliko Duka

Mjomba wangu ana Peugeot 404 ambayo bado huwaka ikisukumwa, na nyuma yake kimebaki kibati cha kampuni iliyomuuzia ikiwa mpya. Jina limekwisha kufutika. Kinachosomeka ni "Elisabethville", jina la kale la Lubumbashi yetu huku Kongo, na nambari ya sanduku la posta, bila barabara. Anwani ya namna hiyo humfaa mwenye barua, lakini mtu anayetafuta jengo haimsaidii lolote.

Mzee mmoja wa mtaa wa Kamalondo aliniapia kwamba magari yaliuzwa karibu na Posta. Mwenzake wa benchi moja akasema la, ni upande wa stesheni, kwa sababu mizigo ya Ulaya iliteremshwa bandari ya Lobito, Angola, ikaja kwa reli ya Benguela, iliyofika jimbo letu la Katanga mwaka 1931, na hakuna mwenye akili ambaye angezungusha magari mapya mji mzima. Wa tatu aliwakatiza wote wawili: kampuni ilihamia eneo la viwanda, Kampemba. Naamini kila mmoja alisema kweli kwa miaka yake. Tatizo ni kwamba mji ulipewa jina la Lubumbashi mwaka 1966, barabara nazo zikabadilishwa majina, na kuanzia Novemba 1973 serikali ya Rais Mobutu ikawanyang'anya wageni biashara zao na kuwagawia wananchi, hata majengo mengi yakapata wenyewe wapya wasiopenda kuulizwa habari za waliotangulia. Kwa hiyo ukisimama mbele ya jengo la zamani na daftari mkononi, hakuna atakayekudhania mpenzi wa magari. Utaonekana mtu wa ofisi ya ardhi, au mbaya zaidi, mtoto wa Mbelgiji fulani aliyetumwa kudai urithi.

Jengo nililolishuku lilikuwa na mlango mpana mno kwa duka la kawaida, na ndani yake alikuwa mama mmoja mshonaji. Nilimwomba utepe wake wa kupimia. Gari la mjomba lina upana unaozidi kidogo mita 1.6, na utepe wa mshonaji huishia sentimita 150, basi nikaupima mlango kwa vipande, nikitia alama za chaki ukutani.

"Papa, mnabomoa lini?" akauliza.

"Hatubomoi, mama. Natafuta mahali gari la mjomba wangu liliponunuliwa."

Aliitazama chaki, akanitazama mimi, kisha akampigia simu mwenye nyumba. Muda si muda wapangaji wa vyumba vya nyuma walikuwa wamenizunguka, mmoja na stakabadhi zake za kodi, mwingine na habari ndefu za bati linalovuja juu ya kitanda chake. Nikayaandika yote, maana kukataa kungeonekana kiburi.

Nilipoanza kupima urefu wa chumba nikirudi kinyumenyume, zulia la plastiki lilibonyea, mbao zilizokuwa chini yake zikalia mara moja, nami nikashuka mpaka kifuani. Lilikuwa shimo la mafundi, lile wanaloingia kufungulia oili chini ya gari: kingo zake zimezungushiwa chuma, ukutani pana kijidirisha cha kuwekea taa, na grisi nyeusi imegandamana kwenye saruji kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha. Nilifurahi kuliko inavyompasa mtu anayetoka damu gotini.

"Ni hapa!" nikapaza sauti.

Watu walisogea. Katika mji wetu wa madini, mtu wa serikali akipiga kelele hivyo kutoka ndani ya shimo hana maana nyingi. Kijana mmoja akauliza kwa adabu kama ni shaba au ni kobalti, na mwingine alikuwa amekwisha kwenda kutafuta sururu.

Mwenye nyumba alifika akihema. Nilimweleza habari yote kutoka humo shimoni: kibati, reli, wazee wa Kamalondo. Alinisikiliza kwa utulivu nisioutarajia, akainama kuzigusa zile kingo za chuma, kisha akamgeukia mshonaji.

"Mama, kumbe hii ni karakana. Kodi ya karakana si kodi ya duka la nguo."

Mama hakumjibu. Alininyooshea mkono, nami nikaushika kwa shukrani nikidhani ananitoa. Alikuwa anataka utepe wake.