Roma ilipokataa, Roma iliporuhusu

Machi 2021, ofisi ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani iliulizwa kama Kanisa lina uwezo wa kubariki muungano wa watu wa jinsia moja. Ikajibu kuwa halina, kwani Mungu habariki dhambi. Haikufika miezi miwili, mapadre kadhaa wa Ujerumani wakawabariki hadharani. Huku kwetu Afrika tuliwaita waasi.

Tarehe 18 Desemba 2023 ofisi ileile, sasa chini ya Kardinali Víctor Manuel Fernández, ikatoa tamko la Fiducia Supplicans kwa idhini ya Papa Fransisko. Padre aliruhusiwa kuwapa watu hao baraka fupi, nje ya liturujia (ibada rasmi ya Kanisa), bila kuhalalisha hali yao wala kugusa fundisho la ndoa. Safari hii waliogoma ni sisi. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, alitangaza kwa barua kwamba kwa ujumla baraka hizo hazitatolewa. Makofi yakapigwa.

Sasa, tangu lini Mkatoliki akachagua hati ya kutii? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, unadai utii wa nia na akili kwa mafundisho ya Papa hata asiponena kwa namna isiyoweza kukosea. Na ina mantiki: tangu kutokukosea kwa Papa kutangazwe mwaka 1870, kumetumika waziwazi mara moja tu, mwaka 1950, kuhusu Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Anayesubiri tamko la namna hiyo ndipo atii, atasubiri sana.

Lakini Mtaguso huohuo unasema Mamlaka Fundishi ya Kanisa haiko juu ya Neno la Mungu, inalitumikia. Paulo alimkemea Petro, tunayemhesabu Papa wa kwanza, uso kwa uso kule Antiokia. Mwaka 1331 Papa Yohane wa XXII alianza kuhubiri kwamba roho za watakatifu hazitamwona Mungu uso kwa uso hadi hukumu ya mwisho. Wanateolojia wa Paris wakampinga, naye akayafuta maneno yake akiwa kitandani anakufa, 1334. Miaka miwili baadaye mrithi wake akafundisha rasmi kinyume chake. Waliompinga hawakuwa wameacha Kanisa.

Mimi naegemea kwa maaskofu wetu, hasa kwa namna walivyofanya. Ambongo hakurusha barua na kukaa kimya. Kwa maelezo yake mwenyewe alikwenda Roma, akaketi na Fernández, na barua ikatoka Papa akiijua. Huo ni ubishi wa ndani ya nyumba.

Ninapokwama ni pale barua ilipoegemea utamaduni wa Kiafrika. Papa naye akasema baadaye kwamba Afrika ni hali ya pekee kwa sababu ya utamaduni wake. Hapo tulipunjwa, na tulijipunja wenyewe. Kama baraka hiyo ni kosa, ni kosa Kinshasa na ni kosa Köln kule Ujerumani. Hoja ya mila ikikubalika kwetu, Mjerumani naye anayo yake mfukoni. Tena maaskofu wa Afrika Kaskazini walikuwa na msimamo wao tofauti, wakakubali baraka hizo mradi zisizue mkanganyiko. Afrika gani basi ilikuwa inasema?

Halafu kuna jambo tulilolipita mbio. Tamko lile liliwahusu pia mwanamume na mwanamke wanaoishi pamoja bila ndoa ya Kanisa, yaani uchumba sugu, ambao umejaa katika jumuiya zetu ndogondogo. Hao hatukuwajadili. Baada ya Misa padre hunyunyizia pikipiki mpya maji ya baraka bila kuuliza fedha zake zilipatikanaje. Kando yake husimama mama wa watoto wanne ambaye hajakaribia komunyo kwa miaka kumi, ameishika rozari yake. Padre anaibariki rozari.