Eti Jina la Dada Ni Sifuri

Wiki iliyopita nilikuwa Morogoro kwa dada (ni mtoto wa mama mkubwa, ila kwetu habari za binamu hatuna, dada ni dada), akaingia ndani akatoka na bahasha ya kaki. "Mdogo wangu hebu nisomee hii, nimeisoma mara tatu naona kama napata kichaa."

Kuna kampuni inataka kununua biashara yake ya siagi ya karanga. Mhasibu wao alishakuja, akazunguka, akahesabu, akaandika. Mashine ya kusaga mil 6, ya kukaangia mil 3, friji na mizani na meza za bati mil 2. Makopo matupu yakahesabiwa moja moja, hadi ndoo ikaandikwa. Halafu chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka wakati anafunga kalamu: jina, lebo na mapishi, 0.

Yaani sifuri. Kama angeweka kistari ningesema labda kasahau, lakini kaweka sifuri imekaa vizuri, ya duara.

Miaka tisa huyu mwanamke kaamka saa 10 alfajiri kuchambua karanga kwa mkono ili isiingie hata moja yenye ukungu. Kuna wamama Dodoma wanaagiza kwa jina, wakiletewa ya mtu mwingine wanarudisha. Sasa ukigeuza ukurasa wa pili wa hiyo karatasi unakuta kifungu kwamba baada ya kuuza hataruhusiwa kutumia hilo jina wala linalofanana nalo kwa miaka 10. Hebu nielezeni taratibu, kitu ambacho hakina thamani kinawekewa ulinzi wa miaka 10 wa nini? Mbona ndoo hawajaiwekea kifungu?

Nikapiga simu, namba ilikuwepo kwenye karatasi. Kijana mstaarabu kabisa, shikamoo zote, akaniambia "kaka, lebo mama alichorewa kwa laki moja na nusu, kwa hiyo hata tukisema tuandike, tungeandika hiyo." Nikamwambia asante nikakata, maana ningeendelea ningesema mengine.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoliwa, kwa hiyo nivumilieni nikae hapa kidogo. Gharama ya kutengeneza kitu na thamani ya kitu ni vitu viwili tofauti. Mnazi unaozaa huuzi kwa bei ya mche! Hiyo njia ya gharama ipo kweli, wathamini wanaitumia, na kwa vitu kama programu ya kompyuta unaweza kuuliza ingenigharimu kiasi gani kuijenga upya ukapata jibu lenye akili. Lakini jina? Mpe mtu laki na nusu leo akachore lebo ya njano nzuri kuliko ya dada halafu umpeleke sokoni Mawenzi aone kama kuna mtu atamgeukia.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi hii hesabu tunaijua, tena tangu zamani. Nenda Kariakoo uulize fremu. Ukuta si wako, bati si lako, mwenye nyumba yupo na kodi yake utamlipa kama kawaida, lakini yule anayetoka unampa kilemba, mamilioni, taslimu, na wengine hata risiti hawaombi. Unanunua nini pale? Unanunua miguu ya watu ambayo imeshazoea kupita pale. Hakuna wa kukishika hicho kitu mkononi na hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo atakayekwambia ni sifuri, utachekwa hadi ukose pa kusimama. Sasa jina zuri ni fremu ya Kariakoo ambayo wateja wanaibeba kichwani. Liwekee kilemba.

Tukakaa na dada na daftari lake, na nashukuru Mungu anaandika kila kitu. Anauza kama makopo 12,000 kwa mwaka, kopo shilingi 7,500, hiyo ni mil 90. Siagi ya karanga ya ujazo uleule isiyo na jina la maana, karanga zilezile za Dodoma, inaenda kwa 6,500. Kwa hiyo kila kopo mteja anaongeza buku kwa ajili ya ile lebo ya njano tu. Buku mara 12,000 ni mil 12. Sio yote faida, kwa sababu lebo inachapishwa, kuna maonesho anaenda, kuna sampuli anagawa, tukatoa mil 4, ikabaki 8. Tukatoa na kodi ya TRA tukasema ibaki 6. Hiyo 6 ni hela ambayo jina linaleta kila mwaka, dada akilala akiamka.

Sasa atakayenunua ananunua miaka ijayo, na hela ya mwaka kesho sio sawa na hela ya leo, hilo hata mkopeshaji wa mtaani anajua. Tukachukua miaka mitano, na kwa kuwa biashara ya chakula ina hatari zake tukaweka asilimia 20 kwa kila mwaka wa kusubiri, yaani kila mwaka unagawa kwa 1.2. Mil 6 ya mwishoni mwa mwaka wa kwanza inakuwa mil 5 ya leo, ya mwaka wa pili mil 4 na kitu, inashuka hivyohivyo hadi ya mwaka wa tano ambayo inakuwa kama mil 2.4. Jumlisha zote unapata karibu mil 18. Mashine zote, friji na mizani ni mil 11. Dada akakaa kimya kidogo, akasema "kwa hiyo mimi nauza mashine nawapa na nyumba juu?"

Ili nisionekane nampendelea ndugu yangu tukapiga na kwa njia ya kukodisha, ambayo kwangu ndio nzuri kuliko zote kwa mfanyabiashara wa kawaida. Unajiuliza, hili jina lingekuwa la mtu mwingine, ningemlipa shilingi ngapi anikodishe? Mwaka juzi kuna mfanyabiashara alishamwomba dada abandike ile lebo kwenye siagi yake, ampe dada shilingi 300 kwa kila kopo. Dada alikataa (alisema jamaa hachambui karanga, na mimi naamini), lakini bei ikawa imeshatajwa. 300 mara 12,000 ni mil 3.6 kwa mwaka, ukiipitisha kwenye miaka mitano ileile inakuja kama mil 10.8, ukitoa ya TRA kwa kiwango kilekile inabaki kama 8. Kwa hiyo jina lina thamani kati ya mil 8 na 18 hivi, hapo katikati ndipo watu wazima wanakaa wanapatana. Mbishane nami kuhusu ile asilimia 20, mbishane kuhusu miaka mitano, sawa, hizo ni namba za kukisia na nyingine nimezikisia kwa kuinama. Lakini msiniletee sifuri.

Njia ya tatu ni kuangalia majina kama hayo yameuzwa bei gani sokoni. Bongo hiyo sahau, nani anakwambia aliuza kwa bei gani.

Haya, nikubali kimoja, japo kwa shingo upande. Yule kijana hakutunga. Kanuni za kimataifa za uhasibu, ambazo na sisi ndizo tunazozifuata, kuna ile namba 38 inayosema jina ulilolikuza mwenyewe ndani ya biashara yako haliingii kwenye vitabu kama mali. Sawa. Lakini hiyo kanuni inahusu vitabu vyako, haijasema mtu akija kununua mpe bure. Na utamu wake ni huu, dada akiwauzia hiyo biashara, kampuni itakapofunga vitabu vyake inatakiwa ilithaminishe lile jina na kuliandika kama mali iliyonunuliwa! Yaani likiwa kwa mama wa Morogoro ni sifuri, likivuka barabara likafika ofisini kwao linapata namba.

Wazungu wenyewe yamewakuta. Mwaka 1998 Volkswagen walinunua biashara ya magari ya Rolls-Royce kwa Vickers kwa pauni milioni 430, wakapata kiwanda cha Crewe, wakapata Bentley, wakapata hadi kile kisanamu cha mwanamke kinachokaa mbele ya boneti. Jina Rolls-Royce lenyewe lilikuwa mali ya kampuni nyingine, ile inayotengeneza injini za ndege, na hiyo ikawapa BMW kwa pauni milioni 40. Kuanzia 2003 ukinunua Rolls-Royce mpya unamlipa BMW. Mashine zote upande mmoja, jina upande wa pili, na mnajua nani alicheka.

Na kwa mliokuwa na simu enzi za vocha za kukwangua, ile meseji ya "tafadhali nipigie" mnaikumbuka? Kule Afrika Kusini ni mfanyakazi wa Vodacom, Nkosana Makate, aliyepeleka wazo mwaka 2000, akaahidiwa kwa mdomo kwamba watakaa waongee malipo. Mahakama ya Katiba ikaja kusema 2016 kwamba ahadi ni ahadi. Bosi wa kampuni akapiga hesabu zake akatoa randi milioni 47, Makate na watu wake wakapiga zao wakafika kwenye mabilioni. Wazo lilelile! Wamekuja kumalizana nje ya mahakama 2025. Robo karne, kwa sababu siku ya kwanza hakuna aliyeshika karatasi akaandika hiki tunakihesabu vipi.

Na hapo kwenye karatasi ndipo hasira zangu zikamgeukia dada. Nikamuuliza cheti cha jina kipo? Akaja nacho anatabasamu, kwenye plastiki kabisa. Nasoma, ni usajili wa jina la biashara. Dada! Hii sio alama ya biashara. Zote zinatoka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, ndio maana watu wanachanganya, lakini hicho cheti ni cha kufungulia akaunti na kumwonesha afisa, hakimzuii mtu kubandika lebo yako kwenye kopo lake. Alama inaombwa peke yake, kwa daraja lake, yaani kundi la bidhaa (siagi ya karanga iko la 29), inatangazwa kwenye jarida watu wapewe siku 60 za kupinga, ikipita inakaa miaka 7 halafu unahuisha kwa miaka kumi kumi. Na hiyo ni Bara tu, Zanzibar wana ofisi yao, unaenda kuanza upya. Miaka tisa kauza bila hiyo. Ile mil 18 yetu bila alama mnunuzi mjanja anaikata nusu na atakuwa na haki, kwa sababu hakuna anayetoa kilemba kwa fremu ambayo kesho jirani naye anaweza kuingia akapanga bidhaa zake.

Mapishi nayo, vijana wake wanne wote wanajua kipimo cha chumvi na muda wa kukaanga, hakuna hata mmoja aliyesaini chochote. Nimeacha, nitamsema siku nyingine.

Jumatatu tumetuma maombi ya alama kwa mtandao, nilikaa naye hadi malipo yakapita. Karatasi ya kampuni nimeirudisha na hesabu zetu zimeandikwa nyuma yake kwa kalamu nyekundu, na dada kaniambia niongeze mstari mmoja, kwamba wakirudi tena na sifuri yeye hana neno, wachukue mashine kwa hiyo mil 11 hata kesho, stika za njano anabaki nazo.

Hawajajibu bado. Ila yule kijana jana kampigia dada kuuliza stika huwa anachapisha wapi.