Hela ya uzeeni ilipe ada ya mtoto au isiguswe?

Mama mdogo wangu alikuwa anafanya kazi shule moja ya private, 2016 akaandika barua ya kuacha kazi, na sio kwamba alikuwa kachoka, alitaka fao la kujitoa, yaani michango yake yote ya mfuko wa pensheni apewe kabla ya uzee, alipe ada ya binti yake chuo cha unesi. Risiti ya benki aliikunja mara nne akaifunga kwenye pindo la khanga, naiona mpaka leo. Binti sasa hivi ni nesi, kila mwezi anamtumia mama hela ya mchele na dawa za presha, kwa hiyo mtu akiniambia ile hela ilipotea bure siwezi kumkubalia.

Ila mama hana pensheni hata mia. Anamtegemea binti na binti nae ana watoto wawili wanataka ada, akiyumba mwezi mmoja tu nyumba mbili zinalala njaa.

2018 sheria ya Tanzania ilibadilika, mifuko ya pensheni ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF ikaunganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, kujitoa kukafutwa na likaja fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Watu walilalamika na nawaelewa kabisa, umekatwa miaka yote halafu mtoto anarudishwa getini kwa ajili ya ada na hela yako unaambiwa subiri mpaka 55 au 60. Lakini jamani utaratibu wa zamani nao ulikuwa mbaya, ili uguse hela yako ilibidi kwanza uue ajira yako!

Waganda 2022 wamefanya kitu naona kina akili, ukifika miaka 45 na umechangia NSSF yao, mfuko wao wa hifadhi ya jamii, miaka 10 unachukua asilimia 20 ya akiba yako na kazini unabaki. Sio bure lakini, milioni 4 ukiiacha miaka 10 kwa riba ya asilimia 10 inafika milioni 10 na kitu, hiyo ndo bei halisi ya ada.

Ndo maana kama mtoto anapata mkopo wa bodi ya mikopo ya wanafunzi, mi nasema achukue, atakatwa asilimia 15 ya mshahara lakini ana miaka thelathini ya kazi mbele yake, mzazi wa 50 anayo kumi tu. Shida bodi haimpi kila mtu.

Juzi nilimuuliza mama mdogo kama angerudia. Akasema ada angelipa tena, kazi ndo asingeacha.