Kiboksi cheupe hakifichi picha

Wiki iliyopita nililetewa PDF ya kurasa 12 niikague kabla haijatoka. Ripoti ya mradi wa watoto. Katikati yake kuna jedwali refu: namba ya mtoto, umri, darasa, maendeleo, na picha yake. Nakala ya ndani ina picha. Nakala ya kwenda nje haitakiwi kuwa nazo, na makubaliano hayo yameandikwa, wazazi wameyatia sahihi.

Nilipoitazama hiyo ya nje, safu ya picha ilikuwa nyeupe pe. Nikaridhika. Kisha kwa mazoea nikaifungua kwenye programu ya kuhariri PDF, nikabofya seli ya nne, nikavuta. Kiboksi cheupe kikasogea, na chini yake akatokea msichana mwenye pengo la meno ya mbele, ananitazama.

Nilivuta kingine. Na kingine. Watoto wote 36 walikuwamo.

Aliyeipanga ripoti hiyo si mtu mzembe. Jedwali lake lilikuwa safi, mistari imenyooka, tarakimu zimepangwa vizuri. Aliombwa aondoe picha, muda ulikuwa mfupi, akachora vistatili vyeupe juu yake, akavinakili kurasa hadi kurasa. Kwenye skrini kazi ilikuwa imekamilika. Kwenye karatasi pia ingekamilika. Lakini PDF si karatasi. Kitu kilichofunikwa ndani yake bado kimo, kizima, na mtu yeyote mwenye dakika mbili anaweza kukitoa na kukihifadhi kwenye kompyuta yake.

Hili ndilo ninalotaka wapangaji wa kurasa tulielewe: kufunika ni jambo moja, kuficha ni jingine. Kilichofichwa kweli hakisafiri na faili. Kilichofunikwa kinasafiri, kimejikunyata tu.

Najua wengi watasema jibu ni matabaka (layers), yale yanayopandana ukurasani kama karatasi angavu, kila moja unaweza kuliwasha au kulizima. Weka picha kwenye tabaka lake, zima alama ya jicho inayolionyesha, kisha hamisha kazi kuwa PDF (export). Kwa picha zilizosimama peke yake ukurasani, sawa, nakubali, ni njia nzuri. Kwenye jedwali inakwama. InDesign, programu tunayopangia kurasa, ilipata majedwali kwenye toleo la 2.0, mwaka 2002, na hadi leo picha iliyotiwa nanga ndani ya seli, yaani iliyofungwa kwenye maandishi yake ili isogee nayo, haina tabaka lake yenyewe. Inakaa kwenye tabaka la fremu ya maandishi iliyobeba jedwali. Ukizima tabaka hilo, umezima jedwali zima.

Hapo ndipo watu huanza kuitoa picha nje ya seli na kuiweka juu ya jedwali, ikielea. Sasa ina tabaka lake, ndiyo. Lakini ongeza mstari mmoja juu na picha zote zinabaki nyuma, kila uso umekaa kwa mtoto asiye wake. Nimeona kosa hilo likipita mikononi mwa watu wanne bila kugunduliwa, kwa sababu nani anakumbuka sura ya mtoto namba 17?

Wengine hutengeneza majedwali mawili, moja lenye picha na jingine lisilo nazo. Subiri siku umri wa mtoto mmoja urekebishwe kwenye moja na kusahauliwa kwenye la pili.

Njia ninayoitetea imekuwamo ndani ya InDesign tangu toleo la CS4, mwaka 2008: maandishi yenye masharti, kwenye paneli iitwayo Conditional Text. Picha iliyotiwa nanga ndani ya maandishi ya seli, kwa InDesign, ni herufi moja. Unaweza kuichagua kama unavyochagua herufi A. Weka kishale kabla yake, shika Shift, bonyeza kitufe cha mshale wa kulia mara moja, kisha uipe sharti, tuseme “Picha za ndani”. Fanya hivyo seli kwa seli. Ni kazi ya kuchosha mara ya kwanza, sikatai. Baada ya hapo unazima jicho moja kwenye paneli na nyuso zote 36 zinatoka kwenye mtiririko wa maandishi. Hakuna kitu chini ya kitu. Ukitoa PDF sharti likiwa limezimwa, picha haziingii. Ukiliwasha, zinarudi kila moja kwenye mstari wake, hata kama mistari imeongezwa au imehamishwa, kwa sababu zinaishi ndani ya mstari.

Angalia kimo cha mistari ya jedwali tu. Kikiwekwa kuwa kipimo kamili, mstari hautanywea picha ikiondoka, na picha kubwa kuliko seli haitaonekana kabisa, utabaki na kinukta chekundu, alama ya kilichokosa nafasi. Weka “angalau”.

Kasoro ipo, na inaniuma kuisema. Sharti linaficha kilichomo ndani ya seli; haliwezi kuficha mstari wa jedwali wala safu. FrameMaker, programu nyingine ya kupangia nyaraka ndefu, inaweza kuficha mstari mzima kwa sharti, InDesign haiwezi. Kwa hiyo safu ya picha inabaki, tupu, na inakubidi uipunguze upana kwa mkono. Watengenezaji wangepaswa kulimaliza hili zamani.

Na kama bado unatumia matabaka kwa picha nyingine, kabla ya kutoa PDF soma dirisha la mwisho polepole. Kuna mahali unapochagua matabaka yapi yatoke: yote, au yanayoonekana tu. Ukichagua yote, huku umeruhusu PDF ibebe matabaka, msomaji anaweza kuyawasha mwenyewe yale uliyoyazima. PDF imekuwa na uwezo huo tangu toleo la 1.5, mwaka 2003.

Nilikaa na mpangaji yule jioni ile. Tuliziingiza picha kwenye seli moja moja, yeye anabofya, mimi nasoma namba ya mtoto kwa sauti ili tusikosee. Tulipofika kwa msichana wa pengo alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. Tukazima sharti, tukatoa PDF mpya, nikaifungua na kubofya seli ya nne. Hakukuwa na kitu cha kuvuta.

Tatizo ni ile ya kwanza. Asubuhi hiyo, kabla sijaiona, ilikuwa imeshatumwa kwa barua pepe kwa watu 6. Tumewaandikia wote waifute. Hadi naandika haya, wamejibu 4.